Tisa Nukta Sita, Chupa ya Tano

Kisima cha dani kilifungwa kamba siku ya Ijumaa, na mimi ndiye niliyekifunga, ingawa kamba yenyewe sikuigusa. Nilikuwa Kisumu, shuleni, nimevaa sweta yangu ya kijani. Nilikifunga kwa kusoma nambari moja kwa sauti.

Dani ni nyanya yangu, mamake mama. Anaishi ndani kabisa nyuma ya Ahero, upande wa mashamba ya mpunga, mahali ambapo mafuriko yakija hayabishi hodi. Visima vya majirani wakati huo hujaa matope na vyura. Cha dani hakijai, kwa sababu mjomba aliongeza mawe na saruji mpaka ukuta ukanifika kifuani. Kwa hivyo wote wa karibu huchota kwake. Dani si mtu wa kujisifu, lakini mtu akisema maji yake ni matamu, yeye hugeuka kando kidogo ili usione anatabasamu.

Anaishi na binti wa mama mdogo, ambaye ana miaka minne na hajaanza kuongea. Anacheka kwa sauti, anakuvuta nguo, ananyoosha kidole kwa kitu anachotaka, lakini neno hakuna. Kwetu hilo jambo halikuwa linasemwa. Mgeni akiuliza, mama hujibu haraka kwamba wengine huchelewa, halafu anauliza kama chai imetosha sukari.

Sasa mimi. Mimi nina haya mpaka zinaniudhi. Mwalimu akiniuliza swali, kabla jibu halijatoka hutoka kwanza "eee". Hata jibu nikilijua. Darasa letu la kidato cha tatu waliwahi kuhesabu eee zangu nikieleza usanisinuru, wakafika kumi na nne kabla sijamaliza. Walicheka, na mimi nikacheka nao, kisha nikaenda chooni nikakaa huko mpaka kengele.

Nilijiunga na klabu ya sayansi kwa sababu nilidhani huko watu hawaongei. Muhula huu mwalimu wetu alileta kazi ya kupima maji ya visima vya Kano, huko kwa kina dani. Alituambia mafuriko yamebeba betri kuukuu za magari na takataka za gereji, na ndani ya betri kuna madini ya risasi, ambayo hayaonekani kwa macho, hayana harufu, na yanaharibu ubongo hasa wa watoto wadogo. Kila mwenye jamaa huko alete chupa. Zilifika nane. Ya tano niliichota mwenyewe kwa dani, na dani akaisafisha chupa mara tatu ndipo akaniruhusu, kana kwamba maji yanakwenda kupigwa picha.

Mwalimu ana rafiki anayefanya kazi kwenye maabara. Baada ya wiki kadhaa majibu yalirudi, karatasi moja tu, nambari nane nzima nzima bila nukta. Zilikuwa katika nanogramu, na sisi tulitakiwa tugawe kila moja kwa milioni ili tupate miligramu, halafu tulinganishe na kiwango alichoandika ubaoni: 0.01. Ikizidi hapo, maji ni hatari.

Tungeweza kutumia kikokotoo. Lakini mwalimu alitaka tujifunze Python, ile lugha ya kuandikia programu ambayo mama aliposikia jina lake aliuliza kama hiyo haimezi watoto. Unaifungua, inakupa mishale mitatu midogo, inangoja. Unaandika hesabu, unabonyeza, inakujibu hapo hapo mstari wa chini. Mimi niliipenda. Haikutazami usoni. Hata ukikaa dakika tano kabla ya kuandika, yenyewe inangoja tu.

Ijumaa hiyo mwalimu aliitwa kwenye mkutano wa walimu, akatuacha wawili: mimi kwenye kompyuta, na mwenzangu tunayekaa dawati moja mezani na karatasi ya manila. Yeye ana mwandiko wa kuchapishwa. Wazazi wake walihamia hapa kutoka katikati ya nchi kufungua duka la vifaa vya ujenzi, na anasema mwandiko aliurithi kwa babake anayeandika majina ya rangi kwenye mikebe. Ana mdomo lakini hana ubaya.

Tulipatana hivi: mimi nasoma jibu, nasema "dashi", halafu nasema nambari ya chupa. Kwa hivyo "sufuri nukta sufuri sufuri mbili moja, dashi, sufuri moja." Yeye anaandika 0.0021 – 01. Tukaenda vizuri. Chupa ya pili 0.00034. Ya tatu 0.00125. Ya nne 0.0008.

Nikaandika ya tano. 96/1000000. Nikabonyeza.

9.6e-05

Nataka kuandika ukweli hapa, hata kama unaniaibisha. Niliiona ile e. Niliona na sikujua ni ya nini. Mwanzo nilidhani ni herufi ya kosa. Halafu nikaona dashi na sufuri tano, na akili yangu ikaniambia kompyuta imeshajua tunafanyaje, imeongeza yenyewe nambari ya chupa. Najua ni upuzi. Lakini tulikuwa kwenye chupa ya tano, na pale pameandikwa sufuri tano, wewe ungefikiria nini?

Nilichoona zaidi ni ile tisa. Zote zilizotangulia zilianza kwa sufuri, na hii ya dani inaanza kwa tisa.

Nikasoma, "Tisa nukta sita, e, dashi sufuri tano." Na kwa vile nilikuwa nimeshtuka, nikarudia kwa mazoea, "Dashi, sufuri tano."

Mwenzangu akaandika. 9.6 – 05. Akainua kichwa.

"Hii si ndiyo ya kwenu?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Zilizobaki tatu nilizisoma kama mtu anayesoma akiwa usingizini. Zote zilianza kwa sufuri. Tukazima mashine, nikarudisha karatasi ya maabara kwenye faili. Kwenye karatasi ile, 96 ndiyo ilikuwa nambari ndogo kuliko zote. Chupa ya kwanza ilikuwa na 2100. Nilikuwa nimezisoma zote mbili kwa macho yangu, nikaziandika kwa vidole vyangu, na sikujiuliza inawezekanaje ndogo kuliko zote igeuke kubwa kuliko zote. Skrini ilikuwa imesema, na mimi nilimaliza kufikiri hapo.

Mwalimu aliporudi alisoma manila akiwa amesimama. Alifika mstari wa tano akakaa chini. Aliuliza chupa hiyo ni ya nani, mwenzangu akanionyesha kwa kalamu. Akaniuliza watu wangapi wanakunywa maji hayo, na kama kuna watoto. Nilipomwambia kuhusu binti wa mama mdogo, aliniuliza anaendeleaje, na mimi, ambaye sijawahi kumwambia mtu yeyote, nikasema hajaanza kuongea.

Alitoka nje na simu. Aliomba namba ya mzee wa kijiji, nikampa ya dani, dani akampa ya mzee. Nilimsikia kupitia dirishani akieleza kwamba watu wasimame kwanza, wasichote, mpaka chupa nyingine ipimwe, na kwamba madini haya huchelewesha watoto kuongea. Simlaumu. Ningekuwa yeye, na mbele yangu pameandikwa karibu mara elfu ya kiwango, ningepiga simu kabla ya kukaa.

Jumamosi asubuhi nilikuwa kwa dani. Nilitamani kutokwenda, lakini mama alisema lazima mtu aende na yeye alikuwa kazini. Kamba ya buluu ilikuwa imezungushwa ukuta wa kisima mara mbili na kufungwa fundo ambalo hata ng'ombe asingelifungua. Mama mmoja jirani alikuwa amesimama hapo na mitungi yake miwili mitupu. Aliniangalia kutoka viatu mpaka nywele.

"Wewe ndiye wa shule?"

"Eee."

"Sasa tutakunywa nini? Kompyuta?"

Akaondoka kuelekea mtoni, na mtoni kila mtu anajua mafuriko yameacha uchafu gani.

Dani alikuwa nyuma ya nyumba akipepeta mchele. Nilimsalimia akaitikia bila kuinua uso. Mtoto alikuwa amekaa miguuni kwake akipanga punje kwenye mstari. Nilikaa kando yao. Muda mrefu ilikuwa ungo tu, unapanda, unashuka. Niseme kwamba dani huwa haniachi nikanyamaza. Ndiye mtu pekee anayenichokoza mpaka nikaongea. Siku hiyo alinyamaza yeye.

Halafu akaweka ungo chini. Tunaongea Dholuo naye, lakini naandika kama ninavyoweza.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "haya maji nimempa tangu alipoacha kunyonya. Mama yake alitaka niwe nachemsha ya mvua. Nikamwambia ya mvua hayana ladha. Kumbe ni mimi niliyemfunga mtoto ulimi."

Sijawahi kushtuka vile. Nilidhani nimekwenda kumwona bibi aliyefungiwa kisima. Kumbe yeye kisima hakukifikiria hata kidogo. Usiku mzima alikuwa amehesabu vikombe alivyomnywesha mjukuu wake. Nilifungua mdomo nimwambie si kosa lake, hakujua, hakuna aliyejua, na kilichotoka ni eee, basi, hakuna kingine nyuma yake. Akanipigapiga goti kama vile mimi ndiye niliyefiwa.

Mwalimu alikuwa amesema kupima chupa nyingine ya kwa dani kutachukua wiki mbili. Jumapili nzima nilikuwa nafikiria wiki mbili za dani na ungo ule.

Jumatatu saa ya chakula nilikwenda chumba cha kompyuta badala ya foleni ya githeri. Nataka kusema nilikuwa na wazo kubwa, lakini sikuwa nalo. Nilitaka tu kujua ile e ni ya nini. Kama ni herufi ya kosa, basi labda nambari yote ni kosa.

Mishale mitatu ikanitokea. Niliandika tena 96/1000000 na ikanijibu vile vile, 9.6e-05. Kwa hivyo haikuwa nambari ya chupa. Mashine ilikuwa imewashwa sasa hivi, haikujua chupa yoyote.

Nikaanza kuichokoza na kitu kidogo. 1/10. Ikasema 0.1. 1/100 ikasema 0.01. 1/1000, 0.001. 1/10000, 0.0001. Nilikuwa naongeza sufuri moja moja kama mtu anayeshuka ngazi gizani akipapasa kwa mguu. 1/100000.

1e-05

Nilikaa nikiitazama. Nilikuwa nimegawanya moja kwa laki moja. Hata mtoto wa darasa la nne anajua hapo huwezi kupata moja. Nilihesabu kwa kidole: ingepaswa kuwa 0.00001. Na ile yangu, tisini na sita kwa milioni, nikaigawa kwenye daftari kwa mkono, kwa kalamu, polepole. 0.000096. Nikarudia. Nikarudia mara ya tatu. Halafu nikaiuliza mashine yenyewe kama ile nambari inazidi kiwango: 9.6e-05 > 0.01.

Ikajibu False, yaani si kweli.

Nililia pale, na nilikuwa nacheka, na pua inatoka, na mlango ulikuwa wazi. Maji ya dani yalikuwa chini ya kiwango karibu mara mia moja. Ndiyo yaliyokuwa safi kuliko visima vyote vinane. Na ndiyo sababu hasa yaliandikwa vile; nambari za wengine hazikuwa ndogo kiasi cha kufichwa sufuri zake.

Nilikimbia mpaka bwaloni nikamvuta mwenzangu mkono, mdomo wake ukiwa bado na githeri. Nikamweleza. Alielewa haraka kuliko mimi, kisha akakunja uso.

"Ngoja. Hiyo e iko wapi kwa manila? Mimi sikuiandika."

"Nilikusomea."

"Hukunisomea."

"Nilisema tisa nukta sita, e."

Aliniangalia, nikaona inamwingia taratibu. "Wewe husema eee kila siku," akasema. "Ukiomba rula unasema eee. Ukiomba ruhusa unasema eee. Ningejuaje hii moja ni ya kuandikwa?"

Sikukasirika. Alikuwa amenisikia kama anavyonisikia siku zote, na akaniondolea ile eee kwa upendo, kama mtu anavyomtoa mwenzake uzi kwenye sweta. Dashi sufuri tano alidhani nimesema mara mbili kwa woga.

Tulikwenda kwa mwalimu pamoja. Nilipoiandika kwenye karatasi na e yake, uso wake ulibadilika kabla sijaweka kalamu chini. Alijua mara moja. Alisema sufuri zikifika nne baada ya nukta, ile programu huacha kuziandika, na e maana yake nukta imesogezwa. Ile dashi ni mainasi, na mainasi tano ni hatua tano kwenda kushoto. Alisema angeiona ile herufi kwenye manila Ijumaa asingepiga simu. Kisha akasema angepaswa kuangalia karatasi ya maabara pia, ilikuwa kwenye faili, futi mbili kutoka alipokaa. Alisema hivyo mara mbili. Sikuwa nimewahi kumwona mwalimu akiona aibu mbele ya wanafunzi, na sikujua niangalie wapi.

Alimpigia mzee wa kijiji. Mzee akamjibu kwamba kamba ilifungwa kwa simu lakini haitafunguliwa kwa simu. Watu wanataka kumwona aliyesema. Mwalimu akanitazama. Aliyesema nilikuwa mimi.

Jumanne alasiri tulikuwa pale kisimani, mimi na mwalimu na mwenzangu, na watu labda ishirini. Mama wa mitungi miwili alikuwa mbele. Mwalimu aliomba msamaha, akaeleza kwa Kiswahili chake cha kitabuni, nikaona nyuso hazifunguki. Ndipo akaniachia.

Sitadanganya kwamba haya ziliniisha. Nilichukua kijiti nikaandika kwenye udongo 9.6e-05, kubwa, na chini yake 0.000096, na pembeni 0.01. Nikaanza kwa eee ndefu, nikaiacha ipite, kisha nikaeleza kwa Dholuo kwamba mashine ilikuwa imesema hii ya chini, lakini kwa kuandika kwa mkato, na sisi tukasoma kipande tu. Nikasogeza nukta kwa kijiti, hatua moja, mbili, mpaka tano, nikiweka sufuri nyuma yangu.

"Na kwa nini isiandike tu sufuri zake?" mama wa mitungi akauliza. "Ni za kununua?"

"Inaona ni nyingi, mama. Inafupisha."

"Basi ni mvivu kuliko watoto wangu," akasema mzee mmoja nyuma, na watu wakacheka, na kicheko kile kilinisaidia kuliko elimu yangu yote.

Bado waliuliza. Kama mlikosea Ijumaa, tutajuaje hamkosei Jumanne? Mwalimu akatoa ile karatasi ya maabara, ikapita mkono kwa mkono, kila mtu akitafuta chupa ya tano na kuona mwenyewe kwamba tisini na sita ni ndogo kuliko elfu mbili na mia moja. Hilo hawakuhitaji kuelezwa. Mzee wa kijiji akafungua fundo kwa meno.

Dani alisimama nyuma ya wote, mtoto akiwa mgongoni. Watu walipoanza kushusha ndoo nilimfuata. Nilidhani atafurahi. Aliniuliza mara moja tu, polepole, kama anayeogopa kuliamsha jambo.

"Kwa hivyo si maji."

"Si maji, dani. Hukumfanya chochote."

Akavuta pumzi. Akamshusha mtoto, akamtazama kwa muda, mtoto naye akamvuta kidevu. "Kama si maji," akasema, "basi ni nini?"

Hapo nilishtuka tena. Siku nne tulikuwa tumesema kwa sauti, mbele ya mwalimu na mzee na majirani wote, kwamba huyu mtoto haongei. Sasa sababu tuliyokuwa nayo ilikuwa imefutwa kwenye udongo kwa viatu vya watu, na mtoto bado alikuwa haongei, na hakuna aliyeweza tena kuuliza kama chai imetosha sukari. Nilisimama nyuma ya kichwa chake nikapiga makofi. Hakugeuka. Nikapiga tena kwa nguvu, watu wa kisimani wakageuka wote. Yeye alikuwa anatazama tu mdomo wa dani.

Dani aliniona nikifanya hivyo. Hakuniambia niache.

Mama aliomba ruhusa ya siku moja kazini, na yeye na dani wakampeleka mtoto hospitali mjini kupimwa masikio. Wameambiwa majibu yatakuwa tayari wiki ijayo. Dani amesema siku hiyo ataishika karatasi yeye mwenyewe, na mimi nikae karibu naye nimsomee kila alama iliyo juu yake, pamoja na zile nisizozijua.